Firauni Hakumtuma Yusufu

Fereej Bin Mahmoud, Doha
20 Februari 2008

Mdogo wangu Warda,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute umeweza kula japo tonge moja. Mimi ni mzima wa mwili. Nisalimie mama mkwe wako na shemeji Saidi, na umwambie Khadija mjomba wake anajua kuwa ameingia darasa la tano, na anamwombea.

Nimekupigia simu mara sita tangu msiba na hujapokea. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua nampa Mwanaisha, yule mwenzetu wa Tanga anayefanya kazi hotelini Al Sadd. Anakuja likizo.

Warda, mumeo hakufa kifo cha kawaida. Mwezi wa kwanza tajiri wetu, mwenye ghala la Muaither tunakomtunzia vitu vyake vya kale, aliletewa sanduku kutoka Ulaya. Ni jeneza la Misri ya zamani, la mti wa mkuyu, lililotolewa kaburini. Ndani hamna maiti, limebaki vumbi tu. Kifunikoni pamechorwa uso wa mwanamke mwenye macho meusi mapana, na macho yale, wallahi, ukihama yanahama nawe. Siku lilipoingia, mnyororo wa kreni ulikatika. Wiki ya pili dereva mmoja akavunjika mguu. Mudiri wetu, yaani meneja wa ghala, akasema mbele ya watu wote: "Hii ni laana ya Firauni. Anayesumbua makaburi yao hakai." Akatueleza habari za Wazungu waliofukua kaburi la mfalme kijana kule Misri, walivyokwisha mmoja baada ya mwingine. Tajiri aliyetoa gharama alikufa hata mwaka haujatimia, na taa za mji mzima wa Kairo zikazimika saa ile ile.

Ijumaa ile ya tarehe 8, kabla ya sala, Yusufu aliingia kwenye chumba cha sanduku. Alitoka amebebwa. Mnepali mmoja, fundi seremala, aliyemtoa, naye alianguka akatapika, ila yeye akanusurika. Yusufu hakufika alasiri. Karatasi ya hospitali imeandikwa kwamba moyo ulisimama. Moyo wa mtu wa miaka thelathini na nne, mcheza mpira, usimame hivi hivi? Tulimzika Jumamosi, makaburi ya Abu Hamour, na watu walijaa.

Kaa eda yako kwa utulivu, mdogo wangu. Mambo mengine hayana wa kuulizwa.

Kaka yako,
Zuberi


Muheza
9 Machi 2008

Kaka Zuberi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama yetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kusalimia kabla ya kusema. Vinginevyo barua hii ingeanzia chini zaidi.

Mama mkwe presha imempanda, anakunywa uji tu. Saidi anashinda nje na wanaume. Khadija anakwenda shule na kurudi. Mimi niko ndani, kama ulivyoniusia, ingawa si wewe uliyeniweka.

Barua yako ina kurasa nne. Kurasa tatu ni za Firauni. Mume wangu umempa mistari minane. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudishia daftari nikakwambia hujajibu swali.

Nani alimtuma aingie chumba kile? Ijumaa si siku yenu ya mapumziko? Alikwenda kufanya nini humo? Wewe ulikuwa wapi? Umeandika "alitoka amebebwa". Hukuandika kwamba ulimbeba. Na nani aliyekubali azikwe kesho yake bila daktari kumchunguza, mimi mkewe nikiwa na simu mkononi, sijaulizwa? Hospitali haitoi maiti kwa upepo. Kuna mtu alitia saini. Niambie jina lake.

Na jambo lingine. Jumatano ile, siku mbili kabla hajafa, Yusufu alinipigia. Akasema, "Mke wangu, leo ghala zima linanuka kitunguu saumu, utadhani jikoni kwa mama siku ya Idi." Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka naye. Sasa niambie, kaka, huyo Firauni wenu alikuwa anapika pilau?

Wewe ndiye uliyekuja hapa nyumbani na makaratasi ya kazi. Wewe ndiye uliyemwambia mama mkwe, "Mwanao nitamshika mkono kama mdogo wangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai, nilisikia.

Usinipigie simu. Maneno ya simu hayana shahidi. Andika.

Warda


Fereej Bin Mahmoud, Doha
22 Aprili 2008

Mdogo wangu Warda,

Wa alaykum salaam, ingawa hukunipa. Barua yako ilikaa kwangu wiki tano na sikuwa na nguvu ya kuijibu. Hapa joto limeanza. Chumbani tuko wanane na kiyoyozi kimekufa. Nimekutumia kasha kwa mtu anayerudi, lina madira mawili na manukato, na mkoba wa shule wa Khadija.

Warda, umekuwa polisi? Mimi ni kaka yako, nimekulea baba alipofariki, leo unaniandikia kama hakimu. Unadhani mimi sikumpenda Yusufu? Unadhani mimi nalala?

Kitunguu saumu! Ghalani tuko watu wa mataifa sita, kila mtu anapika chakula chake. Harufu ndiyo imekuwa ushahidi siku hizi?

Nakwambia kwa mara ya mwisho. Chumba kile kilikuwa kimezibwa tangu Jumanne, mlango mzima gundi na plastiki, hakuna aliyeingia wala kutoka. Hapakuwa na moto, hapakuwa na umeme uliolegea, hapakuwa na mtu. Yusufu akaingia akiwa mzima, akaanguka. Sasa kama si lile sanduku, ni nini? Watu wazima wenye elimu zao wanaamini. Hata yule Mnepali amefunga uzi mwekundu mkononi hadi leo.

Nimemwandikia na Saidi, kama mkubwa wa nyumba, nikamweleza yote kuhusu laana, ili wajue namna ya kuwaombea dua wewe na mtoto.

Acha wafu wapumzike. Nisalimie Khadija.

Zuberi


Muheza
6 Mei 2008

Kaka Zuberi,

Shikamoo.

Kasha lako limerudi kwa aliyelileta, sikulifungua. Mkoba wa Khadija pia. Anabeba mfuko wa rambo na hajalalamika.

Nitakueleza barua yako kwa Saidi imefanya nini. Sanduku la nguo za Yusufu lilifika hapa mwezi wa tatu. Nililiweka chini ya kitanda, usiku nikawa nalifungua kidogo ili nisikie harufu yake, kisha nalifunga, isiishe. Barua yako ilipofika, Saidi aliisoma barazani kwa sauti. Kesho yake nikiwa naoga, yeye na wenzake waliingia chumbani, wakalichukua, wakalimwagia mafuta ya taa nyuma ya choo. Mashati, kofia yake ya Idi, kitabu chake cha dua, picha ya Khadija akiwa mchanga. Walisema laana imeshika nguo. Nilitoka na kanga moja, maji yananitiririka, nikakuta kola ya shati jeupe tu haijaungua. Khadija alikuwa amesimama anaangalia. Shuleni wanamwita mtoto wa laana. Mwenzake wa dawati amehamishwa na mama yake.

Hiyo ndiyo dua uliyotuombea.

Sasa nikueleze mengine. Mzee Philipo alikuja kutoa pole. Unamkumbuka, alikuwa mtunza stoo wa ghala la mahindi la ushirika miaka yote ile. Alikaa na mama mkwe sebuleni, mimi nikiwa nyuma ya pazia, nikamwomba anisikilize jambo. Nikamtajia kitunguu saumu. Akaniuliza, "Mlango ulikuwa umezibwa kwa gundi na plastiki?" Nikasema ndiyo, kaka yangu ameandika kwa mkono wake. Mzee akasema, "Mwalimu, hiyo si laana. Hivyo ni vidonge vya kufukiza. Sisi tulivitumia kuua dumuzi. Vinatoa hewa ya sumu inayonuka saumu. Tulikuwa tunaziba ghala siku kadhaa, tunabandika karatasi yenye fuvu mlangoni, na siku ya kufungua tunapitisha upepo kutwa nzima kabla hajaingia hata panya. Mwaka sabini na tisa kijana mmoja aliingia mapema. Daktari naye aliandika moyo."

Kwa hiyo lile jeneza la mti lilikuwa na wadudu, na mlikuwa mnaua wadudu. Na mlango ulibandikwa karatasi. Iko wapi karatasi hiyo, Zuberi? Yusufu alimaliza darasa la saba, alisoma, hakuwa kipofu. Angeona fuvu asingeingia.

Na Firauni wako nimemchunguza pia, maana ndiye mtuhumiwa wako. Mwalimu mwenzangu Hannah alikwenda maktaba ya Tanga akaninukulia. Tajiri wa kaburi lile aliumwa na mbu, akajikata pale alipoumwa wakati wa kunyoa ndevu, kidonda kikaoza. Aliyeongoza kufukua, yeye mwenyewe aliyetoboa ukuta na kuchungulia wa kwanza, aliishi miaka kumi na sita baada ya hapo. Wengi walioingia waliishi wakazeeka. Mlangoni hapakukutwa maandishi yoyote ya laana, magazeti ndiyo yaliyoipamba. Kwa hiyo Firauni alimsamehe aliyemfukua, akangoja miaka themanini na sita amuue mbeba mizigo wa Muheza?

Tarehe 15 Juni natoka eda. Jumapili inayofuata, tarehe 22, ukoo wa Yusufu utakaa. Saidi anataka tutoke katika nyumba hii, mimi na mtoto, kwa sababu tumeleta nuksi. Nahitaji barua yako kabla ya siku hiyo, yenye ukweli na saini. Sikuombi kitu kingine duniani.

Warda


Fereej Bin Mahmoud, Doha
28 Mei 2008

Warda,

Nimesoma.

Nina mke na watoto watatu Korogwe. Pasi yangu iko kwa kafili, tajiri aliyenidhamini kuingia nchi hii. Mtu akisema neno hapa anapandishwa ndege kesho yake, na huko nyumbani hakuna anayemngoja kwa kazi. Wewe una chaki yako na mshahara wako, unaweza kuwa jasiri.

Niliyoyaandika ndiyo niliyonayo. Usiniandikie tena habari hizi.

Zuberi


Muheza
24 Juni 2008

Kaka,

Ukoo ulikaa juzi.

Walikuja watu kumi na wanne. Saidi alisoma barua yako ya laana, ile ya macho yanayohama, na wanawake wakajifunika nyuso. Alipomaliza nikasimama. Nikawaeleza habari ya vidonge. Mzee Philipo naye alikuja akasema mbele yao, kwa heshima zote. Saidi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia:

"Shemeji, wewe uliliona hilo sanduku?"

"Sikuliona."

"Mzee Philipo aliliona?"

"Hakuliona."

"Zuberi aliliona. Zuberi ni kaka yako wa tumbo moja. Kaka yako akuzulie? Kwa faida gani?"

Nilisimama mbele ya watu kumi na wanne, na jibu lenyewe ni wewe.

Mama mkwe alikuwa analia, hakuniangalia. Wakaamua. Nilitoka jioni ile ile na godoro, sufuria mbili na mtoto. Sasa niko nyumba ya shule kwa Hannah, tunalala sebuleni. Hannah ana watoto wake, na mume, na hajanionyesha sura mbaya hata mara moja, yeye ambaye hatukunyonya ziwa moja.

Umesema nisikuandikie tena. Nimekuandikia ili usije siku moja ukasema hukuambiwa.

Warda


Muaither
20 Julai 2008

Warda,

Salamu sijui niziweke wapi. Nitaanza na lenyewe.

Mudiri hakusema lolote juu ya laana. Ni mimi. Siku sanduku lilipofika wenzangu walikuwa wanataniana habari za Firauni, na siku ya msiba niliikamata hadithi ile, mfa maji haachi kutapatapa. Mnyororo ulikatika kwa kutu. Dereva alivunjika mguu kwenye mpira.

Mbao za jeneza zilikuwa na wadudu. Jumanne walikuja watu wa kufukiza, wakaweka vidonge, wakaziba mlango, wakabandika karatasi yenye fuvu, kwa Kiarabu na Kiingereza. Walisema chumba kifunguliwe na wao wenyewe Jumapili. Lakini tajiri alikuwa na wageni Jumamosi wa kuonyeshwa sanduku. Alhamisi mudiri akaniambia, "Zuberi, ondoa ile takataka mlangoni, kesho fungua, sanduku litoke kabla ya sala." Nikaibandua karatasi kwa mkono wangu. Nikaitupa. Yusufu siku zile alikuwa anapakua upande wa pili wa ghala, hakuwahi kuiona.

Ijumaa saa nne asubuhi tulikwenda sisi watatu, mimi, Yusufu na yule Mnepali. Nilikata plastiki na kufungua mlango kidogo. Harufu ikanipiga, kichwa kikaanza kuuma hapo hapo. Nikarudi nyuma. Nilijua, Warda. Nilikuwa nimesoma karatasi ile. Niliogopa kuingia, na niliogopa kumwambia mudiri kwamba siingii. Nikamwambia Yusufu, "Ingia ufungue madirisha yale ya mwisho, kisha tutoe sanduku."

Akasimama mlangoni, akanusa kama mtu anayetania. "Shemeji, mbona panatoa machozi? Kuko salama?"

Nikamwambia, "Salama. Ni dawa ya mbao tu."

Akaingia. Alifungua dirisha moja, nilisikia komeo. La pili sikulisikia. Nikaita, hakuitika. Mnepali alifunga shati puani akaingia kumvuta. Mimi nilibaki nje. Nilijiambia nakwenda kutafuta gari, na kweli nilikwenda, lakini nilikwenda kwa sababu sikutaka kuingia. Njiani alikuwa anaomba maji, kifua kinambana. Alisema, "Shemeji, usimwambie Warda, atashtuka." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia.

Hospitali nilisema mimi ni kaka yake na kwamba alianguka ghafla. Sikutaja dawa. Wakaniuliza kama familia inataka uchunguzi. Nikasema hatutaki, tunataka kumzika haraka kama dini inavyosema. Saini uliyoniuliza ni yangu.

Barua yako ya Juni nilikuwa nayo mfukoni kutwa, siku nyingi. Kisha Jumatatu iliyopita, tarehe 14, sanduku la pili likiwa limefukizwa, mudiri akaniita tena. "Zuberi, mpeleke Omondi afungue." Omondi ni mlinzi wa getini, Mkenya wa Siaya, tunakunywa naye chai kila siku. Nikamwendea. Nikampa agizo la mudiri, akaniuliza:

"Niingie huko? Wewe unaniambia kuko sawa?"

Akasema, "Sema basi, buda. Ile ya Yusufu nilikuona ukitoa ile karatasi mlangoni. Nimenyamaza miezi tano sababu nilidhani wewe mwenyewe utasema. Nyinyi mnasema laana, laana. Laana gani? Hiyo ni sumu, na wewe ndio ulimtuma."

Nilikaa chini pale getini, kwenye jua la saa sita, nikamwambia asiingie. Kisha nikaenda kwa mudiri nikamwambia hakuna mtu atakayeingia. Akacheka. "Zuberi, khalas, usilete mambo. Una watoto." Nikamwambia, "Na Yusufu alikuwa na mtoto." Alinifukuza kazi kabla sijamaliza kushuka ngazi.

Jumatano tulikwenda watatu kwenye ofisi inayosikiliza mashauri ya wafanyakazi, mimi, Omondi na Mnepali. Nilisema yote, pamoja na yangu. Wameandika, wamefungua jalada, chumba kimefungwa. Mimi nimeambiwa nisitoke nchini mpaka shauri liishe. Huenda nikashtakiwa pamoja na mudiri. Sijui. Nimehama chumba cha kampuni, nalala kwa binamu yake Omondi huku Muaither, sakafuni, na watu hawa wananilisha.

Nimetia saini chini, na wao wametia. Nalia kila siku, mdogo wangu, na sijui nimwombe nani msamaha kwanza.

Zuberi
Mashahidi: J. Omondi, na saini ya fundi seremala


Muheza
14 Agosti 2008

Zuberi,

Barua yako ilifika Jumamosi. Sitakusalimu katika barua hii.

Niliisoma peke yangu darasani, baada ya watoto kutoka, mlango nimefunga kwa ndani. Nilipofika pale ulipomjibu "Salama" niliinuka nikapiga ubao kwa mkono mpaka kidole kikavimba. Hata sasa naandika kwa shida. Nilitaka kuichana. Miezi mitano niliidai barua hii, na ilipokuja nilitamani isingekuja. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba ulificha uovu wa mtu mwingine.

Jumapili niliichukua nikaenda nyumbani kwa mama mkwe. Sikubisha hodi mara ya pili. Saidi alikuwepo, akasimama kunizuia. Nikamwambia, "Ulisoma barua ya kaka yangu mbele ya watu kumi na wanne. Leo keti, nami nikusomee yake nyingine." Akaketi.

Nikasoma yote, sikuruka neno. Nilipofika pale Yusufu alipoomba maji, mama mkwe akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Mara ya tatu nikaiweka karatasi mkekani, akamwambia Saidi amalizie yeye. Saidi alisoma hadi chini, kwenye saini, kwa sauti ndogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akatoka, akakaa kule nyuma ya choo walikochomea nguo, na hakurudi ndani hadi mchana umepita.

Jumatatu alikuja nyumba ya shule kuchukua godoro letu alirudishe. Nikamwambia aliache. Nitarudi siku nitakayoamua, na watu wale wale kumi na wanne watakuwepo kunipokea.

Khadija nilimweleza mwenyewe, kwa maneno ya mtoto lakini bila kupunguza. Aliuliza swali moja tu: "Mjomba alijua?" Nikamjibu alijua. Juzi amepigana na yule mwenzake aliyehamishwa dawati. Mwalimu mkuu alipomuuliza sababu, alisema, "Baba yangu hakulaaniwa. Alikufa kazini." Nilitakiwa nimwadhibu. Nikampeleka nyumbani nikamsuka nywele.

Kwako sina msamaha. Usiulize kama msamaha huo utakuja, ukija utaujua. Huko ulikofika na shauri, usirudi nyuma hata hatua moja, hata wakikutisha, hata wakikubembeleza. Mwambie Omondi namsalimu, na yule fundi aliyeingia bila kuuliza kama kuko salama mwambie nyumba hii inamwombea.

Mama mkwe ameniita leo asubuhi akaniambia nilete karatasi. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala kupunguza:

"Zuberi. Mwanangu hakuwa na laana. Alitumwa na mtu aliyemwamini, akaenda. Nimesikia unalia huko. Usiyamalize machozi yako kwa watu wasiomjua. Shauri likiisha, njoo. Utakaa kwenye mkeka huu, utalia hapa mbele yangu, na mimi nitakuangalia uso mpaka nitakapotosheka."

Warda